Chomoa ya Kulia Kwanza

Jumamosi, 5 Oktoba

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mchoro mmoja tu, lakini kurasa ni nyingi na mimi nina mdomo. Ukurasa wa kulia nitachora, wa kushoto nitaandika.

Kazi yenyewe ni hii. Okeyo, ambaye sisi tunamwita Baba Winnie, ndiye mpiga gitaa la solo wa kwaya yetu. Anataka gitaa lake litokee kwenye amplifaya mbili kwa wakati mmoja. Ya kushoto itoe sauti kavu, kama gitaa lilivyo. Ya kulia itoe sauti hiyohiyo ikiwa imepitia kwenye mwangwi, iwe inamfuata kwa nyuma. Uzinduzi wa albamu yetu ni Jumapili ya tarehe 15 Desemba, kwenye uwanja ulio kando ya ziwa kule Ilemela, na leo ametamka mbele ya kwaya nzima kwamba siku hiyo watu watasikia gitaa moja likiongea kwa midomo miwili. Kisha akaninyooshea kidole.

"Fundi wetu huyu hapa. Tereza hashindwi."

Nikatabasamu kama mjinga. Nina miaka saba natengeneza redio na amplifaya hapa Mkolani, na mpaka leo mtu akileta kitu kwa mara ya kwanza ananiuliza fundi yuko wapi. Mwanaume akishindwa, kashindwa yeye. Mimi nikishindwa, tumeshindwa wanawake wote.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepanga foleni ya sauti, nimefuta, nimepanga tena. Gitaa linaingia kwanza kwenye pedali ya kubana, ile inayosawazisha noti kali na noti dhaifu. Kutoka hapo linaingia kwenye kisanduku changu, ambako njia inagawanyika. Njia moja inakwenda moja kwa moja kwenye amplifaya ya kushoto. Nyingine inapita kwenye pedali ya mwangwi ndipo ifike ya kulia. Nilijaribu kuweka mwangwi mbele ya pedali ya kubana, ikatoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Kila kitu kina mahali pake, na ukikosea nafasi moja tu unaharibu vyote vinavyofuata.

Amplifaya ya kushoto ni ya kwaya, bado ngeni. Ya kulia ni kuukuu, aliiacha mchungaji aliyehamishwa zamani. Ni nzito na imeshika kutu kwenye kona, lakini sauti yake ni tamu kuliko ile mpya.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati la kibanda linavuja juu ya meza ya kulehemu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumejaribu kanisani. Amplifaya ya kushoto peke yake: kimya. Ya kulia peke yake: kimya. Zote mbili kwa pamoja: mmmmmm, mvumo mzito unaotetemesha vioo vya madirisha.

"Fundi," akasema Baba Winnie, "midomo miwili imekuja, ila mmoja una mafua."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ninajua ugonjwa. Kila amplifaya ina waya wake wa kwenda ardhini kupitia plagi, ule wa kijani na njano, unaomlinda mtu asipigwe na umeme. Lakini mimi nimeziunganisha tena hizo mbili kwa nyaya za gitaa. Sasa kuna njia mbili za kufika ardhini, na umeme umepata duara la kuzungukia, ndio huo mvumo. Dawa yake ni transfoma ndogo kwenye njia moja ya gitaa: sauti ipite, lile duara likatike. Nimezunguka maduka yote ya mjini, hakuna. Wanasema itoke Dar, majuma mawili, labda matatu.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimefanya jambo ambalo ningemkuta mwanafunzi wangu analifanya ningemfukuza.

Nimefungua plagi ya amplifaya ya kulia, nikautoa ule waya wa kijani na njano, nikaukunja na kuufunga kwa utepe, nikafunika. Duara limekatika. Kimya kabisa.

Naandika hapa ili nisijidanganye. Amplifaya ya kulia sasa haina njia yake ya kwenda ardhini. Inapitia kwa jirani yake wa kushoto, kwa waya wa gitaa. Ya kushoto ikiwa imechomekwa, hakuna tatizo. Ya kushoto ikichomolewa na ya kulia ikabaki inawaka, umeme wowote utakaovuja kwenye lile kuukuu utafika kwenye nyuzi za gitaa na kumngoja mtu. Ni kwa muda tu, mpaka transfoma ifike.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wamenipigia makofi. Mama Hellen, mwenyekiti wetu, ambaye hasifii hata chakula cha harusi, amesema Mungu ameijalia kwaya hii fundi. Baba Winnie alifumba macho akapiga mpaka akasahau kusimama. Gitaa lilisema, likajijibu lenyewe.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimebandika kipande cha katoni juu ya ubao wa soketi, nimeandika kwa kalamu nene: IKIANZA KUNGURUMA, CHOMOA YA KULIA KWANZA. Ukitoa ile ya kulia kwanza haiwezi kubaki peke yake, na hakuna atakayeumia.

Anayeshughulika na nyaya jukwaani ni Shimba. Ni mwashi, mtu mzima wa Sengerema, amebeba amplifaya za kwaya hii tangu mimi sijajua kushika bisibisi. Aliisoma katoni polepole, midomo ikitembea.

"Kwa nini ya kulia, dada?"

"Wewe chomoa tu, Kaka Shimba. Mengine niachie mimi."

Ningemweleza sababu, ningelazimika kumweleza na ule waya.

Jumamosi, 2 Novemba

Transfoma haijafika. Mvua kila siku.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kanisani mchana peke yangu. Nikachomoa ya kushoto makusudi, nikaweka mita kati ya nyuzi za gitaa na maiki, ambayo ina njia yake ya kwenda ardhini. Nilitegemea volti chache. Mita ikasema mia moja na arobaini. Unyevu umeingia kwenye lile kuukuu. Nikaipigapiga mita kwenye kiganja kana kwamba kosa ni lake, nikapima tena, ikarudia yaleyale.

Nilipaswa kuurudisha waya palepale, bisibisi ilikuwa mfukoni. Lakini Jumamosi mgeni rasmi wa uzinduzi anawatuma watu wake waje kusikiliza mazoezi, na nikirudisha waya ule mvumo utarudi. Nimejiambia, Jumamosi hii ikipita tu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika yote.

Mazoezi yalianza saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka waimbaji hawasikiani, na maji yalipita chini ya mlango wa pembeni yakatandaa kwenye sakafu ya saruji mpaka jukwaani. Baba Winnie alikuwa amevaa ndala zilizolowa. Wageni wanne walikaa mbele. Mimi nilisimama karibu nao, kusema kweli ili wanione.

Wimbo wa tatu, amplifaya ya kushoto ikaanza kuvuma. Nadhani ni tundu la waya, limelegea. Mmmmm. Mama Hellen akageuka kumtazama Shimba. Shimba akainama kwenye ubao wa soketi, akasoma katoni, akachomoa plagi moja. Ule mvumo ukakatika, na nikasikia gitaa limebaki upande mmoja tu, upande wa mwangwi.

Nilielewa kabla sijageuka.

Baba Winnie alikuwa anasogea kwenye maiki aitikie kiitikio. Hakupiga kelele. Mdomo wake uligusa maiki, na mwili wote ukakaza. Mkono wa kushoto uliikaba shingo ya gitaa, vidole vikageuka vyeupe kwenye viungo, macho yamemtoka na yananitazama mimi. Waimbaji wa nyuma walidhani amepandwa na roho, mmoja akaanza kupiga makofi.

Nilikimbilia swichi kuu ukutani. Ni hatua nane, kumi, sijui. Niliiangusha, kanisa likawa giza la mvua, na nikasikia gitaa linaanguka na yeye juu yake.

Alikuwa anapumua. Mke wake, Akelo, alifika kwake kabla yangu, akamlaza kichwa mapajani, anamwita kwa Kijaluo. Tukampeleka zahanati kwa gari la wale wageni. Yuko hai. Moyo uko sawa, amesema daktari. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile cha pete na kidogo, havimsikii. Huenda vitarudi, huenda vitachukua muda, daktari hakutaka kuahidi.

Tuliporudi kanisani kuchukua vitu, watu walikuwa wamemzunguka Shimba.

"Uliambiwa ya kulia," akasema Mama Hellen. "Imeandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto wa darasa la pili anasoma."

"Si ndiyo niliyochomoa?" Shimba alikuwa ameshika ile plagi kwa mikono miwili. "Ilikuwa inalia hii. Ya huku ilikuwa imenyamaza. Mimi nimechomoa ya kulia, mama. Ile yenye ngulumo."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, kicheko cha watu waliokuwa na hofu wakapata pa kuitua.

Neno langu mwenyewe. Nimelisema maisha yangu yote, kulia kwa mkono na kulia kwa machozi, na sikuwahi kuona kwamba ni neno moja. Shimba alifanya hasa kile nilichoandika.

Mama Hellen akamwambia asiguse nyaya tena. Shimba akanitazama. Labda alikuwa anangoja fundi aseme neno. Mimi nikatazama maji sakafuni.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda ibadani. Nimesema naumwa kichwa.

Jumanne, 12 Novemba

Akelo amekuja mpaka kibandani kwangu na bakuli la sato wa kukaanga, limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Baba Winnie amesema tukushukuru. Usingekimbilia ile swichi tungekuwa tunazungumza mengine."

"Anaendeleaje, Mama Winnie?"

"Anashika kikombe. Kifungo cha shati bado."

Akaondoka. Sikuweza kuwala wale samaki, na sikuweza kuwatupa. Nimempa mama wa duka la jirani, akaniuliza kama nina mimba.

Jumamosi, 16 Novemba

Mazoezi bila gitaa. Shimba wamempa kazi ya kupanga viti. "Chomoa ya kulia" imekuwa mzaha wa kwaya. Mtoto mchanga alipoanza kulia nyuma, mtu wa besi akasema, "Shimba, chomoa hiyo." Shimba akatabasamu na kuendelea kupanga viti. Na mimi nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Najichukia tangu saa kumi hadi sasa.

Jumanne, 19 Novemba

Transfoma imefika. Ni nyepesi kuliko yai.

Ijumaa, 22 Novemba

Imekamilika. Nimeipachika ndani ya kisanduku, kwenye njia inayokwenda kwenye mwangwi. Waya wa kijani na njano nimeurudisha kwenye plagi na kuukaza skrubu. Lile kuukuu nimelifungua, nimelikausha, nimebadilisha kile kilichokuwa kinavuja. Nimechomoa ya kushoto, nimechomoa ya kulia, moja moja, zote, kwa kila mpangilio. Mita inasema sifuri, na mvumo hakuna. Ndio mchoro bora niliowahi kuchora maishani.

Na hakuna atakayejua. Plagi imefungwa. Katika kwaya nzima hakuna mtu anayefungua plagi kuangalia ndani. Nikinyamaza, Shimba ataendelea kuwa mtu asiyejua kusoma, na mimi nitaendelea kuwa yule aliyekimbilia swichi. Nimekaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa, na kinachonitisha ni kwamba halikuwa wazo zito.

Jumapili, 24 Novemba

Nimepanda kwa Shimba, kule Ilemela, juu kwenye mawe. Alikuwa anajenga ngazi ya jirani yake. Nikamwamkia, akanipa jiwe nikalie. Nikamwambia yote, tangu tarehe 22 Oktoba, na zile volti mia moja na arobaini. Aliendelea kupanga mawe hadi nilipomaliza.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "waya haukuwepo."

"Haukuwepo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, Kaka Shimba."

Akafuta udongo kwenye mwiko kwa kidole gumba, taratibu, pande zote mbili.

"Mimi nimeota mara tatu nimemuua yule mzee. Mke wangu ananiamsha." Akaweka mwiko chini. "Nilikuuliza kwa nini ya kulia. Ungeniambia, ningechomoa zote mbili. Mimi si mjinga, nilikuwa sijaambiwa tu."

Nilikuwa nimesimama niondoke aliponiita.

"Na ungeandika kuume. Kanisani tunasema mkono wa kuume kila Jumapili, kila mtu anajua ni upi. Kulia, kila kitu kinalia."

Jumamosi, 30 Novemba

Nimesema mbele ya kwaya. Nilibeba plagi, nikaifungua mbele yao, nikawaonyesha waya ulikokuwa na nilivyoutoa. Nikasema Shimba alisoma sawasawa. Nikasema nilipima siku tatu kabla na nikaacha.

Baba Winnie alikuwa amekaa benchi la kwanza, anafungua na kukunja ule mkono wa kushoto kama alivyofundishwa zahanati.

"Tarehe sita ulijua," akasema.

"Ndiyo, Baba Winnie."

"Na tarehe tisa ukaniacha nisimame pale."

"Ndiyo."

Alichukua gitaa lake akatoka, mvuani, bila hata kulifunika. Akelo alimfuata. Mlangoni akageuka, hakupandisha sauti.

"Tereza. Naomba bakuli langu."

Mama Hellen akasema kutafuta fundi mwingine kwa wiki mbili haiwezekani, hivyo nitaimaliza kazi niliyoianza, lakini kuanzia leo hakuna kinachowashwa mpaka Shimba aseme kiwashwe. Akamwendea Shimba pale kwenye viti, akampa mkono, akamwomba radhi. Watu wa besi walikuwa wanatazama dari.

Jumanne, 3 Desemba

Nimepeleka bakuli. Nililiosha mara tatu. Winnie, binti yao, ndiye aliyelipokea, akasema mama yupo ila amepumzika.

Jumamosi, 7 Desemba

Baba Winnie amekuja. Amekaa pembeni na gitaa, hakulichomeka. Alipiga bila umeme, mtu wa pili hamsikii. Nilisogea, nikaona anapiga kwa vidole viwili, vile vingine vimenyooka tu. Nyimbo amezigeuza zitoshe vidole viwili. Alipoona namtazama akaacha.

Alhamisi, 12 Desemba

Kupima, kupima. Sifuri.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua ilikatika saa nne asubuhi. Uwanja ulikuwa tope, jukwaa la mbao limelowa, na upepo wa ziwani unapuliza maturubai. Watu wamejaa mpaka kwenye mawe.

Shimba aliwahi kabla yangu. Juu ya ubao wa soketi kulikuwa na katoni mpya, kwa mwandiko wake wa kukokota: KUUME. KUSHOTO. HAICHOMOLEWI MOJA, ZOTE. Alinitaka nimweleze njia nzima ya sauti tangu kwenye gitaa, na nikaeleza, kila waya, na sababu ya kila waya. Alinirudisha nyuma mara mbili. Nikampa mita, akapima mwenyewe.

Baba Winnie alisimama chini ya jukwaa na gitaa begani, waya unaning'inia. Hakupanda. Mtangazaji alishaita jina la kwaya, watu wanapiga vigelegele, Mama Hellen ananitazama mimi, halafu yeye.

Shimba akamwendea, akamwomba gitaa kwa heshima, kwa mikono miwili. Akalichomeka. Akaniletea mimi.

"Gusa wewe kwanza, fundi."

Nilivua viatu. Mbao zilikuwa baridi na maji yalipanda katikati ya vidole. Nilivaa gitaa, nikazikamata nyuzi zote sita kwa mkono wa kushoto. Maiki ilikuwa mbele ya uso wangu. Sifuri nilikuwa nimeiona kwa macho yangu mara arobaini. Niliegemeza mdomo kwenye maiki, nikafumba macho, nikakaa hivyo. Chuma kilikuwa na ladha ya mvua. Shimba, bila mimi kumwambia, akazichomoa zote mbili, akazirudisha zote mbili. Niliendelea kushika.

Nilipofungua macho, Baba Winnie alikuwa amepanda. Alinyoosha mkono, nikalivua lile gitaa shingoni kwangu nikampa. Alizigusa nyuzi kwa kidole kimoja kwanza, kama anayepima uji, halafu akasogea kwenye maiki.

Alianza kwa vidole viwili. Ya kushoto ikasema, ya kuume ikajibu, na jibu likaenda juu ya ziwa. Nilikuwa nimesimama nyuma kwenye ubao wa soketi, miguu mitupu. Kwenye ubeti wa pili nikaona kidole chake cha pete kinanyanyuka, kinatafuta uzi, kinaukosa, kinatafuta tena, na kikaupata.

Shimba akainama kwenye sikio langu. Alikuwa kazini, anasikiliza amplifaya.

"Fundi, kuna kinacholia?"

"Hakuna," nikamwambia, na sikugeuka.